SAFU YA LUGHA: Gia si giaboksi

Aliyeligeuza basi kuukuu kuwa nyumba ya safari akifika gereji na kusema "gia imekufa", fundi bado hajaambiwa kitu. Gia, neno tulilolitoa kwenye Kiingereza, ni gurudumu lenye meno, na pia ngazi ya mwendo: gia ya kwanza, ya pili. Giaboksi ni sanduku linalobeba magurudumu hayo. Klachi hutenga injini na giaboksi wakati wa kubadili gia.

Chukua Kombi ya zamani ya Volkswagen. Injini na giaboksi viko nyuma, mkono wa gia uko mbele, na chini ya sakafu inapita fimbo ndefu ya chuma inayouunganisha mkono huo na giaboksi. Bushi zake zikiisha, dereva huitafuta gia asiipate, ilhali giaboksi ni nzima kabisa! Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zikakwaruza ikiwaka, shuku klachi kwanza. Huenda kebo yake imelegea.

Tafadhali, mweleze fundi gia ipi inagoma, na inagoma wakati gani, kabla hajaishusha giaboksi bure.