Tope lililojenga Delta ya Rufiji

Anayengoja boti ya kwenda kisiwa cha Mafia pale bandari ya Nyamisati huona maji mbele yake. Miaka 20,000 iliyopita angevuka kwa miguu. Maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, na bahari ilikuwa chini ya hapa ilipo leo kwa mita zipatazo 120. Mlango wa Mafia ulikuwa nchi kavu. Unguja nayo ilishikana na bara. Katika pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, waakiolojia wamefukua mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama wa mbuga ambao kisiwani hawapo tena. Mto Rufiji ulipita katika nchi ambayo sasa ni sakafu ya bahari, ukamwaga maji yake mbali kuliko unavyomwaga leo.

Kisha barafu ikayeyuka. Kuna nyakati bahari ilipanda zaidi ya mita moja kwa kila miaka 100, na kwa kasi hiyo delta haijengeki, maana tope humezwa kabla halijatulia. Mwaka 1994 watafiti Daniel Stanley na Andrew Warne walilinganisha umri wa delta nyingi duniani, wakakuta kwamba nyingi zilianza kati ya miaka 8,500 na 6,500 iliyopita, bahari ilipopunguza mwendo. Ardhi yetu, basi, ni changa. Mimi niliyezaliwa huku jambo hilo hunigusa kila nikilifikiri: wawindaji waliishi katika mapango ya pwani hii kabla visiwa vyetu vya delta havijakuwapo.

Babu yangu alikuwa mkata boriti, na umri wa ardhi aliusoma kwenye miti ya jamii ya mikoko. Mlilana hutangulia kwenye tope jipya linaloelekea bahari. Mkoko hufuata, kisha muia na mkandaa. Msikundazi hukaa ndani zaidi, yanakofika maji matamu ya mto. Akikuta mlilana umesimama peke yake alijua kisiwa kinakua. Akikuta mikoko mikubwa imeng'olewa ukingoni, mizizi juu, alijua bahari inakula, na kambi aliihamisha mapema. Boriti zake zilipakiwa majahazini na kwenda na kusi hadi Uarabuni. Vyumba vya nyumba za kale za huko, kama vya Lamu, ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti.

 

Tope linalojenga delta hutoka mbali, kwenye mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na mto huligawa upendavyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ilihamia mikono ya kaskazini. Huko chumvi ilipungua. Watu wakafyeka mikoko, wakapanda mpunga na kujenga madungu ya kulinda mashamba. Waliobaki kwenye mikono iliyokosa maji waliona chumvi ikipanda hadi mashambani. Mabadiliko hayo hayakuhitaji maelfu ya miaka. Walioyaona wangali hai.

Bwawa la Julius Nyerere, juu zaidi kwenye mto huu, lilianza kujazwa Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, na sisemi halikustahili kujengwa. Lakini bwawa linalozuia maji huzuia na tope, na bahari imeanza kupanda tena. Mizani iliyoijenga delta ni hasa ya vitu hivyo viwili. Ninachotaka ni kwamba tope linalopita bwawani lipimwe kila masika, na hesabu yake ibandikwe kwenye ofisi za vijiji vya delta kama Salale na Mbwera, ambako watu wanaamua wapande wapi na wajenge wapi.