Nyumba ntobhu (sehemu ya 4)
Mama zangu mnaouliza kuhusu kutafuta mimba nyumbani bila mume, huku kwetu Tarime na Serengeti bibi zetu walishapata njia yao. Mama asiye na mtoto wa kiume alitoa ng'ombe wa mahari, akaoa binti. Binti akazaa na mwanaume mwingine, watoto wakawa wa nyumba ya yule mama. Mpaka leo ipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiitambui, lakini kinachoniumiza mimi ni binti: huyo mwanaume nani kampima?

London, karne ya 18, daktari John Hunter alimshauri mfanyabiashara atumie bomba la sindano, mkewe akashika mimba. Jamani, hata kwa bomba virusi vinapita. Pimeni kwanza UKIMWI, kaswende na homa ya ini, wote wawili.