Ushanga wa Ugogo haununui kitu Ujiji

Leo tunapita njia ya Tabora kabla ya kufika kwenye kompyuta. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Zanzibar akikusanya mizigo ya safari yake ya bara. Somo moja alilopewa na wafanyabiashara wa Kiarabu lilikuwa la ushanga. Ushanga mweusi ulikuwa fedha kule Ugogo, lakini makabila mengine hayakuutaka. Sungomaji zilikuwa mali Ujiji, kwingine zilikataliwa. Ukikosea, wapagazi wanabeba uzito bure hadi Kazeh, yaani Tabora yetu, na chakula hupati.

Karne moja baadaye, waandishi wa programu walikumbana na jambo hilohilo. Unix ilianzia Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, ikawa rahisi kuihamishia kwenye mashine nyingine. Basi kila mtu akaitengeneza kivyake. Berkeley wakawa na BSD, AT&T wakatoa System V mwaka 1983, na Sun, HP na IBM nao wakaja na zao. Ukoo mmoja, desturi mbalimbali.

Mwaka 1976 Stuart Feldman alikuwa ameshaandika make, programu inayosoma faili la maelekezo na kujua kipi kijengwe kabla ya kipi. Tatizo ni kwamba maelekezo yaliyokubali kwenye mashine hii yaligoma kwenye ile. Dawa ya mwanzo ilikuwa kuorodhesha majina: kama mfumo ni huu, fanya hivi. Toleo jipya likitoka, orodha imeshapitwa na wakati!

Mwaka 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akishughulikia programu za GNU, akaanzisha Autoconf. Skripti inayotokana nayo, configure, haitegemei jina la mfumo peke yake. Inaandika kijiprogramu kidogo na kujaribu kukijenga. Kikikubali, kitu kinachotafutwa kipo. Ni sawa na msafara unaomwonyesha mwenye mtama ushanga mmoja kabla ya kufungua mzigo mzima. Na skripti yenyewe inatumia amri za shell za zamani, maana hizo ndizo zilizopatikana karibu kila mahali.

Hili linatuhusu sisi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. OpenOffice nayo ilijengwa kwa kuanza na configure.

Ni kweli, configure inalalamikiwa kwa uvivu wake, na wengi siku hizi wanatumia CMake au Meson. Lakini busara yake haijazeeka. Tukiandika programu Dar kwa kudhani kijana wa Choma, mkoani Tabora, ana mashine kama yetu, tumembebesha ushanga mweusi. Tuulize kwanza ana nini.

Au nyie mnaonaje?