Programu ya Java imegoma kufunguka? Angalia namba hii kwanza

Programu ya Java inayofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya Morogoro mjini inaweza kugoma kabisa ikipelekwa kwa flashi hadi Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Mara nyingi faili halijaharibika. Programu imetengenezwa kwa ajili ya toleo jipya la Java, na kompyuta ya pili ina toleo la zamani.

Kushusha Java kwa kubahatisha ni kumaliza bando bure. Kifurushi cha JDK 17 peke yake kinazidi MB 100. Jibu limo ndani ya programu yenyewe.

Toa 44

Kila faili la Java lenye mwisho wa .class hubeba namba ya toleo. Chukua namba hiyo, toa 44, unapata Java inayohitajika:

- 52 ni Java 8
- 55 ni Java 11
- 61 ni Java 17
- 65 ni Java 21

Namna ya kuiona

1. Soma ujumbe wa kosa. Ukiona UnsupportedClassVersionError, kuna namba mbili. Kwa mfano 61.0 ni ya programu, na 52.0 ndiyo mwisho wa uwezo wa kompyuta yako.

2. Kwenye kompyuta yenye JDK, fungua faili la .jar kama zip, toa faili moja la .class, kisha andika: javap -v Jina.class. Tafuta mstari wa "major version".

3. Kwenye simu, fungua .jar kwa programu ya zip, kisha lisome faili la .class kwa programu inayoonyesha baiti. Linaanza na CA FE BA BE. Baiti ya nane ndiyo namba yenyewe: 34 ni Java 8, 37 ni Java 11, 3D ni Java 17.

Njia ya pili na ya tatu haziendeshi programu, hivyo zinafaa hata kwa faili usiloliamini.

Usichanganye

Namba hii inaonyesha Java ya chini kabisa inayohitajika, si lazima ile aliyotumia mtengenezaji. Mwenye JDK 17 anaweza kutengeneza programu ya Java 8. Kwa kawaida Java mpya husoma programu za zamani. Ya zamani haisomi mpya.

Hata ripoti za afya zinaguswa

DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na unaotumika Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya, umeandikwa kwa Java. Kuanzia toleo la 2.41, seva yake inahitaji Java 17. Fundi akiliweka kwenye seva yenye Java 11, mfumo hauwaki, na ripoti za vituo zinabaki zinasubiri. Kuangalia namba kwanza ni kazi ya dakika moja tu.