Tamasha la Vitabu na Mlango wa McMillan
Mwaka 2022 jiji la Nairobi lilipata tamasha la fasihi, NBO Litfest, lililofanyika ndani ya maktaba tatu za umma: McMillan, Kaloleni na Makadara. Waandaaji wake, Book Bunk, wangeweza kukodi hoteli. Uamuzi wao, kwa maoni yangu, ulikuwa wa kisiasa kuliko unavyosemwa. McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu pekee, na ubaguzi huo ukadumu hadi 1958. Kumkalisha mkazi wa Eastlands katika ukumbi ule ahojiane na mwandishi ni kuijibu historia palepale ilipotendeka.

Upande wetu, Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967. Kizuizi chetu kimekuwa masafa. Hapa Ndundu wasafiri wa kusini walivuka Rufiji kwa kivuko (waliokesha wakikisubiri wangali hai) mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Dola ilikubali kwamba barabara haiwezi kukomea mtoni. Kitabu je? Wanaopanga tamasha lijalo wawaulize kwanza walimu wa Kibiti, kabla ya kulipia ukumbi Posta.