Ng'ombe kwenye chumba cha doti nane

Juzi nilikuwa natengeneza mchezo mdogo wa kompyuta kwa ajili ya mpwa wangu, mchezo wa kuchunga mifugo, nikataka maandishi yake yafanane na yale ya michezo ya zamani. Nikachukua Press Start 2P, fonti ya bure iliyochorwa kwa kuiga herufi za michezo ya Namco ya miaka ya 1980. Nikaandika NG'OMBE. Lo! Skrini ikaonyesha NG, halafu pengo kubwa lenye kialama kimoja juu, halafu OMBE. Mpwa wangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, akasoma maneno mawili.

Kosa si la aliyechora fonti. Lina historia yake.

Kompyuta za wakati ule zilikuwa maskini wa kumbukumbu. Chukua Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982. Skrini yake ilikuwa na doti 320 kwa 200, yaani doti 64,000. Ukitaka kukumbuka kila doti kama imewaka au imezima, unahitaji baiti 8,000. Lakini ukiigawa skrini hiyo kuwa vyumba vya doti 8 kwa 8, unapata vyumba 40 kwa 25, jumla 1,000, na kila chumba kinahitaji baiti moja tu ya kusema ni herufi gani inakaa humo. Michoro ya herufi zenyewe huhifadhiwa mara moja tu, kila moja kwa baiti 8. Hii hapa A ya mashine hiyo:

...##...
..####..
.##..##.
.######.
.##..##.
.##..##.
.##..##.
........

Kila mstari ni baiti moja. Mstari wa chini umeachwa wazi ili herufi isigusane na ya chini yake. Tazama pia kwamba nguzo zina unene wa doti mbili, ilhali mstari wa kulala una doti moja. Watu wengi waliunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni, na huko doti moja iliyosimama peke yake ilikuwa ikififia na kusambaa kando. Unene ule ulikuwa dawa, wala haukuwa urembo. Mbinu hiyo ilikuwapo tayari: herufi za doti 8 kwa 8 za mchezo wa Quiz Show wa mwaka 1976 zina nguzo nene vivyo hivyo, na Namco walipozichukua, zikaenea hadi Pac-Man ya mwaka 1980 na michezo mingine chungu nzima.

Sasa mnaona shida ya ng'ombe wangu. Katika mpango huu vyumba vyote ni sawa. M na I hulipa kodi moja, na hata kile kialama cha ng' hupewa chumba kizima. Kwa Kiingereza si taabu kubwa. Kwetu sisi kialama hicho ni sehemu ya sauti yenyewe. Kikitengwa, ng'oa na ngoa hazina tofauti kwa mtoto.

Aliyevunja kuta za vyumba hivyo kwa watu wa kawaida ni timu ya Macintosh, iliyotoka Januari 1984. Susan Kare hakuwa mhandisi. Alikuwa msanii mwenye shahada ya uzamifu. Rafiki yake wa shule ya upili, Andy Hertzfeld, alikuwa akiandika programu za mashine hiyo, akamshauri anunue karatasi ya miraba na aanze kujaza visanduku kwa kalamu. Skrini ilikuwa ya doti 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu, lakini herufi zilichorwa juu yake kama picha, kwa hiyo kila moja ilipewa upana wake. I ikawa nyembamba, M ikapanuka, na kialama kikakaa karibu na jirani yake. Fonti ya menyu ikaitwa Chicago. Mistari yake husimama, hulala au huinama nyuzi 45, basi. Hata menyu ikififishwa kwa kuzima doti moja na kuacha moja, bado inasomeka. Ndiyo maana, nadhani, ilifaa tena kwenye skrini ndogo ya iPod ya kwanza mwaka 2001.

Majina ya mwanzo yalikuwa ya stesheni za treni karibu na Philadelphia, hadi Steve Jobs aliposema yawe ya miji mikubwa ya dunia. Afrika ilipata Cairo, nayo haikuwa na herufi hata moja, vipicha vitupu! Sijui tucheke au tununue kesi.

Nirudi kwenye mchezo. Kwanza, wadau, Press Start 2P itumieni kwa ukubwa wa 8, 16, 24 na kuendelea hivyo. Mkiiweka 13, doti zitachafuka. Pili, nilichora herufi mpya: G ya upana wa doti tano, doti moja wazi, kialama cha doti moja, kisha doti moja wazi tena. Jumla nane. NG'OMBE sasa anakaa vyumba sita badala ya saba, na mpwa amemsoma kwa pumzi moja. Sasa anauliza kwa nini mbuzi hawana rangi.