Paswadi Yako Iko na Jamaa wa Saiba

Watu wangu wa Kisii na Nyamira, swali moja: paswadi yako ya eCitizen uliichagua wewe, ama iliandikwa na jamaa wa saiba?

Paswadi za kompyuta zilianza kwa sababu ya kugawana mashini. Mwaka 1961, pale MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo unaoitwa CTSS. Kompyuta moja, watu wengi, kila mtu na mafaili yake na saa zake. Ndiyo kila mtu akapewa neno lake la siri. Mwaka uliofuata, mwanafunzi mmoja wa uzamifu, Allan Scherr, akaona saa zake hazitoshi. Alifanya nini? Aliagiza mashini imchapishie faili lenye paswadi za wote. Ikachapisha! Akaanza kutumia saa za wenzake.

Hakukuwa na uchawi hapo. Funguo zote zilikaa mahali pamoja.

Sasa rudi huku kwetu. Wengi tulifunguliwa barua pepe, HELB na KRA kwa saiba, foleni ikiwa ndefu nyuma yako. Jamaa anaandika paswadi yeye mwenyewe, anakupa kikaratasi, halafu anabaki na daftari. Hilo daftari ndilo faili la Scherr.

Mimi nilifunguliwa hivyo nikimaliza fomu foo. Jina langu na mwaka wa kuzaliwa, basi. Nilipoacha chuo nikaanza kutengeneza video, ukurasa wangu niliuunganisha na barua pepe hiyo hiyo. Usiku mmoja mtu akaingia, akaanza kuomba watu pesa kwa jina langu. Shangazi yangu wa Keroka alituma 1,500 akidhani niko hospitali. Hajawahi kunilaumu, na hiyo ndiyo inaniuma. Aliyeingia simjui. Ningemjuaje, na ufunguo haukuwa wangu peke yangu?

Kuna kosa lingine la kihistoria. Mwaka 2003 Bill Burr, wa taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo ulioeneza ile tabia ya kuchanganya alama na namba, na kubadilisha paswadi kila mara. Watu wakaandika P@ssw0rd1, kisha P@ssw0rd2. Mwaka 2017 mzee alikiri anajutia sehemu kubwa ya mwongozo huo. Siku hizi taasisi hiyo inasisitiza urefu.

Kwa hivyo chukua maneno manne yasiyohusiana, kama obokima, Tabaka, mwavuli, kinyozi. (Usitumie haya, nishayaanika!) Wezi wana orodha ndefu za maneno ya Kiingereza, Ekegusii sidhani wanakimanya sana. Kila akaunti iwe na yake. Anza na barua pepe, maana ndiyo hufungua zingine zote, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Ukisahau haraka, andika kwa daftari.

Lakini liwe daftari lako, nyumbani kwako. Badilisha leo, kabla shangazi yako hajatuma.